Bega Bandia na Lugha ya Mgonjwa: Uhakiki wa Istilahi za Upasuaji wa Bega

I. Chanzo cha makala haya

Miongoni mwa kazi ambazo hazimletei mfasiri sifa yoyote, ilhali zaweza kumfaa au kumdhuru mwananchi kuliko riwaya kumi, ni tafsiri ya karatasi za hospitali. Hivi karibuni tuliletewa mswada wa aina hiyo tuutolee maoni. Ulikuwa tafsiri ya maelezo juu ya mwenendo wa upasuaji wa bega tangu ulipoanza hadi sasa, yaani upasuaji ule wa kuondoa sehemu za bega zilizoharibika na kuweka mahali pake sehemu zilizotengenezwa kiwandani. Uliandaliwa usomwe na watumishi wa afya wa vijijini, walimu, na hata wagonjwa wenyewe kabla ya kutia sahihi hati ya ridhaa. Jina la mfasiri hatulitaji, wala la ofisi iliyomwagiza, kwa sababu makosa tutakayoyaonyesha si ya mtu mmoja. Ni ya mazoea yetu sote tunaoshughulika na istilahi.

Mswada huo tuliusoma mara mbili. Mara ya kwanza tuliusoma mezani, asili ya Kiingereza ikiwa mkono wa kushoto na kamusi mkono wa kulia, tukaona kasoro chache tu. Mara ya pili tuliusoma kwa sauti huko Mtunda, katika Wilaya ya Kibiti, mbele ya wakulima na wakwezi wachache waliokubali kutusikiliza alasiri moja chini ya mwembe. Hapo ndipo tulipotambua kwamba mswada ulikuwa umetafsiriwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anajua Kiingereza.

Mtunda tuliichagua kwa sababu mbili. Kwanza, nchi ya Rufiji, ambayo Kibiti ilikuwa sehemu yake kabla ya kuwa wilaya ya peke yake, imezungumza Kiswahili sambamba na Kindengereko kwa muda mrefu. Kiswahili huko si lugha iliyokuja na ubao na chaki. Pili, bega katika nchi hiyo ni chombo cha kazi. Jembe la mpunga, kafi na pondo la mtumbwi, shoka la mkata boriti za mikoko katika delta, na mikono ya mkwezi juu ya mnazi, vyote vyategemea bega. Aangukaye kutoka mnazini aweza kuvunjika palepale panaposemwa na mswada huu. Kama maneno yetu hayamfikii yeye, tuulizane yameandikwa kwa ajili ya nani.

II. Jambo lenyewe

Kabla ya kuyahakiki maneno, yafaa msomaji aelewe jambo linalotajwa, maana istilahi haiwezi kupimwa bila dhana yake.

Kiungo cha nyonga ni kama mchi ndani ya kinu: kichwa cha mfupa wa paja kimezama katika shimo lenye kina. Bega si hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na mahali kinapokaa, kwenye ukingo wa kombe la bega, ni padogo na hapana kina, mfano wa nazi iliyowekwa juu ya kisahani cha chai. Kwa sababu hiyo bega huzunguka kuliko viungo vingine vyote vikubwa vya mwili, na kwa sababu hiyohiyo huteguka kwa urahisi. Linaloizuia nazi isianguke kisahanini ni misuli minne na kano zake, ambazo hukizunguka kichwa cha mfupa na kukikaza mahali pake.

Jaribio la kwanza lijulikanalo la kuweka bega la kutengenezwa lilifanywa Paris mwaka 1893 na mpasuaji Jules Émile Péan. Mgonjwa wake alikuwa mwokaji mikate mwenye umri wa miaka 37, ambaye bega lake lilikuwa limeliwa na kifua kikuu. Kifaa chenyewe kilitengenezwa na daktari wa meno kwa platini na mpira uliofanywa kuwa mgumu. Kilikaa kiasi cha miaka miwili, kikatolewa kwa sababu ugonjwa haukuisha. (Hapa tayari msomaji anaona tatizo la istilahi: tunasema kifua kikuu cha bega, kana kwamba mtu ana kifua begani. Lakini jina hilo limekwisha kukomaa, na hatupendekezi kuling'oa.)

Baada ya hapo jambo hilo lililala kwa zaidi ya nusu karne. Katika miaka ya 1950 Charles Neer wa New York alianza kuwawekea watu waliovunjika vibaya kichwa cha mfupa kilichotengenezwa kwa mchanganyiko wa madini ya kobalti na kromi. Alikiacha kisahani cha asili kama kilivyo. Mwaka 1974 alitoa taarifa ya hatua ya pili: kichwa cha chuma pamoja na kisahani cha plastiki, kwa watu ambao gegedu za bega zao zimelika. Hatua ya tatu ilitoka Dijon, Ufaransa, mwaka 1985. Paul Grammont aliona kwamba mtu ambaye ile misuli minne imekatika hafaidiki na bega lililoundwa kwa mfano wa asili. Akageuza mpango: tufe akalifunga kwenye kombe la bega, na kikombe akakiweka juu ya mfupa wa mkono. Kwa njia hiyo msuli mkubwa wa nje wa bega waweza kuinua mkono peke yake. Marekani iliruhusu kifaa cha namna hiyo kuuzwa mwaka 2003.

Nchi kadhaa zimeweka daftari za taifa zinazoandikisha kila kiungo bandia kinachowekwa. Norway imeandikisha mabega tangu 1994, na Uingereza tangu 2012. Daftari hizo zaonyesha mambo matatu: upasuaji huu umeongezeka sana kwa jumla, kuweka kichwa cha mfupa peke yake kumepungua, na mpango uliogeuzwa, ambao hapo mwanzo ulikuwa wa wazee wachache wenye misuli iliyokatika, sasa umeupita mpango wa asili.

Kwetu Tanzania, nyonga na goti ndivyo vilivyotangulia kusikika katika taarifa za Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Hata hivyo sababu za kuharibika bega tunazo tele: ajali za barabarani, kuanguka, na selimundu, ambayo huweza kuua kichwa cha mfupa kwa kukinyima damu hata kwa kijana. Wala msomaji asidhani kwamba kila bega lililovunjika lahitaji chuma. Mivunjo mingi ya bega hupona kwa kufungwa mkono na kwa mazoezi. Ndiyo sababu mgonjwa anayeambiwa kwamba lake lahitaji zaidi ya hayo anayo haki ya kuelezwa kwa lugha isiyomchanganya.

III. Kubadilisha, kupandikiza, au kuweka?

Mswada ulitumia maneno matatu kwa kitendo kimoja: ubadilishaji wa bega, upandikizaji wa bega, na urejeshaji wa bega. Kanuni ya kwanza ya istilahi ni kwamba dhana moja isiitwe kwa majina matatu ndani ya karatasi moja. Lakini hata tungechagua moja tu, lipi?

Tuliposoma neno kupandikiza, mzee mmoja mkwezi, ambaye mkono wake wa kulia haupandi zaidi ya kifua, alituuliza: "Wanangu, nisameheni kama nauliza la kijinga. Hilo bega mtakalonipandikizia mwalitoa kwa nani? Kwa maiti?"

Swali hilo halikuwa la kijinga hata kidogo. Mkulima wa mpunga anajua kupandikiza ni nini: ni kung'oa mche kitaluni, ukiwa hai, na kuupeleka shambani ukashike mizizi. Neno hilo lilipochukuliwa na tiba kuelezea figo itolewayo kwa mtu na kupewa mtu mwingine, lilichukuliwa kwa busara, kwa sababu figo nayo ni kitu hai kinachohama na kuendelea kuishi. Chuma hakiishi wala hakichipui. Tukikiita mche, mzee yule atawaza maiti. Na mwenzake, kama alivyotueleza baadaye, atadhani kwamba bega hilo likishashika litazidi kuwa na nguvu mwaka hadi mwaka, ilhali ukweli ni kwamba litazidi kulika.

Neno kubadilisha lina ubaya mdogo zaidi, na limezoeleka katika habari za nyonga na magoti. Kasoro yake ni kwamba halisemi kitu gani kimeingia mahali pa kingine, nalo lamfanya msikilizaji afikiri bega zima, pamoja na nyama na ngozi, linaondolewa. Urejeshaji ndio mbaya kupita yote, kwa kuwa wazee wa Mtunda wanalo tendo la kurudisha bega, nalo ni kazi ya mhazigi: bega lililoteguka hurudishwa mahali pake kwa mikono. Mswada huohuo, ulipofika kwenye kuteguka, uliandika "kuhama kwa bega". Msikilizaji mmoja akasema kwamba lake halijahama, lingali Mtunda.

Tunapendekeza neno la kawaida kabisa: kuweka. Uwekaji wa bega bandia. Neno hili halina fahari, lakini linasema kwamba kuna kitu, na kwamba kimewekwa. Kuweka kwaweza kufuatwa na kuondoa, na kuondoa kukafuatwa na kuweka tena. Na hayo ndiyo yatokeayo katika upasuaji huu.

IV. Je, bandia ni uongo?

Kuna walioupinga msamiati wa viungo bandia kwa hoja yenye uzito. Noti bandia ni noti ya udanganyifu. Dawa bandia ni dawa ambayo serikali huikamata na kuiteketeza. Yawezekanaje basi hospitali imwambie mgonjwa kwamba itamwekea kitu bandia? Wengine wamependekeza neno unde, kwa mfano wa akili unde, ambayo inashindana na akili mnemba katika matumizi ya siku hizi. Tungepata bega unde.

Hoja hii tuliichukua hadi Mtunda tukiwa tumeegemea upande wa unde. Wasikilizaji walitushinda. Walisema kwamba meno bandia wanayajua, na mguu bandia wanaujua. Mwenye meno bandia hajamdanganya mtu, ila anatafuna. Neno unde wao hawakulijua; mmoja alidhani ni kosa la kusoma, kwamba tulitaka kusema umbo.

Somo la hapo ni kwamba maana ya neno huongozwa na jirani yake. Bandia ikikaa karibu na fedha au dawa ni ulaghai. Ikikaa karibu na kiungo cha mwili ni msaada. Mtunga istilahi atazamaye neno likiwa peke yake kamusini aweza kulihukumu kwa kosa lisilo lake. Tumeiacha unde, na tunakiri kwamba tulikuwa tumekosea.

V. Nusu, pingu, na kinyume

Sasa tunafikia mahali ambapo mswada unaweza kudhuru. Tumeeleza kwamba aina za upasuaji huu ni tatu: kuweka kichwa cha mfupa peke yake, kuweka kichwa na kisahani kwa mpango wa asili, na kuweka tufe na kikombe kwa mpango uliogeuzwa. Mfasiri aliziita nusu bega, bega zima, na bega la kinyume.

Nusu bega ni tafsiri ya neno kwa neno, na kwa Kiswahili nusu ya kitu ni upungufu. Wasikilizaji walielewa kwamba mwenye fedha huwekewa bega zima na maskini huwekewa nusu. Hatuoni namna ya kuwalaumu. Tulijaribu kusema la upande mmoja. Wakauliza, la kulia au la kushoto? Mwishowe maneno yaliyoeleweka bila swali yalikuwa haya: bega bandia la kichwa cha mfupa tu, na bega bandia la kichwa na kisahani. Ni marefu. Lakini urefu wa istilahi ni mzigo wa mwandishi, na utata wa istilahi ni mzigo wa mgonjwa. Tukilazimika kuchagua, mzigo aubebe mwandishi.

Kuhusu ile misuli minne, mfasiri aliona katika asili neno la Kiingereza ambalo humaanisha kishikizo cha ncha ya mkono wa shati na pia pingu ya polisi. Akaandika pingu za mzunguko. Tukasoma basi mbele ya watu wazima kwamba mgonjwa ambaye pingu zake zimekatika afaa kufanyiwa upasuaji. Kicheko kilikuwa kikubwa, nasi tulicheka pia, lakini hapo maana yote ya hatua ya tatu ilikuwa imepotea. Kwani asiyejua kwamba misuli hiyo imekatika hawezi kujua kwa nini mpango uligeuzwa. Wenzetu wengine wamependekeza misuli shikizi. Tunasita, kwa sababu shule shikizi na mengineyo ya namna hiyo yamelizoesha neno hilo maana ya kitu cha muda. Misuli zungushi ya bega yatosha: ndiyo inayozungusha mkono, na jina linasema hivyo.

Lililobaki ni bega la kinyume, nalo ndilo lililotugharimu muda mwingi. Kinyume ni upinzani. Kinyumenyume ni kwenda kwa kurudi nyuma. Mzee yule mkwezi alinyosha mkono wake wa kushoto, ulio mzima, akaupeleka nyuma ya mgongo, akauliza: "Ndiyo kusema nitakuwa nakula hivi?" Hakuwa akifanya mzaha. Hofu hiyo ingetosha kumfanya akatae upasuaji ambao huenda ungemfaa, au aukubali bila kujua anakubali nini; na yote mawili ni dhuluma.

Tulijaribu kuita kila mpango kwa mahali palipo na tufe. Mpango wa asili uwe wa tufe mkononi, na uliogeuzwa uwe wa tufe kombeni, kwa kuwa tufe limefungwa kwenye kombe la bega. Mezani tulijipongeza. Mtunda tulishindwa tena, tena mara mbili. Mkono kwa Kiswahili ni kuanzia begani hadi vidoleni, na tufe mkononi kwa vijana waliokuwapo lilikuwa kosa la mchezaji wa mpira. Kombe nalo ni chombo kikubwa cha kulia, na ni zawadi ya washindi. Kwa hiyo tufe kombeni likasikika kuwa ni mpira ndani ya kombe, yaani kinyume kabisa cha tulilokusudia.

Tuliposimama kueleza jambo lenyewe kwa kifuu cha nazi na ngumi ya mkono, bila istilahi yoyote, mama mmoja aliyekuwa akisuka ukili alitukatiza akasema: "Basi si mmeligeuza tu. Kama mkeka. Mkeka ukigeuzwa si umebaki mkeka?" Tumelichukua neno lake. Kugeuza hakuharibu kitu wala hakukifanyi kirudi nyuma. Kunabadilisha tu upande upi uelekee wapi. Tunapendekeza bega bandia la mpango wa asili na bega bandia lililogeuzwa, na kwa maandishi ya wataalamu yanayohitaji ufupi, bega geuzi. Lakini tunasisitiza kwamba katika karatasi ya mgonjwa neno hilo lisitajwe mara ya kwanza bila sentensi moja ya maelezo: tufe na kikombe vimebadilishana mahali, mkono wenyewe hautageuka.

VI. Namba nazo ni lugha

Kosa kubwa kuliko yote halikuwa katika majina ya viungo. Lilikuwa katika sentensi za hesabu, ambazo wafasiri wengi huzipita haraka wakidhani tarakimu hazihitaji tafsiri.

Kwanza ni neno kiwango. Mswada ulilitumia kwa maana ya idadi ya wagonjwa kwa kila watu 100,000, kwa maana ya wingi wa maumivu, kwa maana ya ubora wa kifaa, na kwa maana ya kipimo cha dawa. Ulipoandika kwamba kiwango cha upasuaji wa bega kimepanda, watumishi wawili wa serikali waliokuwapo walielewa kwamba upasuaji sasa unafanywa kwa ustadi zaidi. Hawakukosea: nchi hii ina Shirika la Viwango, na kiwango katika lugha ya ofisi ni ubora. Tunashauri kiwango kiachiwe ubora. Pale asili inaposema wangapi, tuseme idadi. Inaposema wangapi katika wangapi, tuseme uwiano na tutaje watu hao ni kwa kila elfu ngapi.

Pili, mswada haukutofautisha idadi na sehemu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima mwaka mmoja amevuna magunia 10, na 6 kati yake ni ya mbegu ya zamani. Mwaka mwingine amevuna magunia 30, na ya mbegu ya zamani ni yale yale 6. Je, mbegu ya zamani imepungua? Kwa idadi, la. Kwa sehemu, imeshuka kutoka asilimia 60 hadi asilimia 20. Mwandishi aandikaye "imepungua" bila kusema ni nini kilichopungua hajatafsiri. Katika historia ya bega, ambako jumla inakua na aina moja inaipisha nyingine, tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe.

Tatu, na hili ndilo lililotufanya tuandike makala haya badala ya kurudisha mswada na barua fupi. Asili ilisema kwamba viungo bandia vingi vilikuwa bado mahali pake, bila kuhitaji kuondolewa, baada ya miaka kumi. Waandishi wa Kiingereza katika taaluma hii hutumia hapo neno lile lile la kunusurika na kuendelea kuishi, wakimaanisha uhai wa kifaa. Mfasiri akaandika kwamba wagonjwa wengi walisalimika kwa miaka kumi. Kwa kalamu moja, kulegea kwa chuma kukawa kifo cha mtu. Tuliposoma sentensi hiyo Mtunda pakawa kimya, kisha mmoja akasema kwamba kwa bega tu yeye hawezi kujitia katika hatari kama hiyo. Alikuwa amekataa tiba kwa sababu ya kitenzi. Tunapendekeza kudumu: kifaa kimedumu miaka kumi. Chombo hudumu, mpini hudumu, paa la makuti hudumu. Wala hakuna adhaniye kwamba paa likiisha mwenye nyumba amefariki.

Nne, neno la kichwa cha habari. Mswada uliitwa "Mielekeo ya Upasuaji wa Bega". Mwelekeo ni upande ambao kitu kimeukabili; unatazama mbele na una harufu ya ahadi. Mwenendo ni njia ambayo kitu kimepita na kinaendelea kupita. Daftari za hospitali haziahidi, zinasimulia. Kwa hiyo tuseme mwenendo, na mwelekeo tuuache kwa yule anayethubutu kutabiri.

VII. Jibu kwa wenye kupinga

Tunajua watakaosema kwamba yote haya ni kazi bure, kwamba ingefaa kutohoa tu: athroplasti, prosthesisi, implanti, nasi tuwe sawa na mataifa mengine. Sisi hatuna ugomvi na utohozi. Oksijeni na vitamini zimetohozwa na hazijamdhuru mtu. Mpasuaji anayemwandikia mpasuaji mwenzake na aandike athroplasti. Lakini hati ya ridhaa haiandikwi kwa mpasuaji. Mgonjwa hawezi kuridhia neno. Huridhia tendo litakalofanyika mwilini mwake, na tendo hilo lazima alione kwa macho ya akili kabla halijafanyika. Neno lililotoholewa ni mlango uliofungwa vizuri: linapendeza, lakini halionyeshi kilichomo ndani.

Wala hatusemi kwamba kila neno lipigiwe kura chini ya mwembe. Watu wa Mtunda hawakutupa selimundu. Neno hilo, lililounganisha seli na mundu, lilibuniwa na wataalamu, na ni zuri kwa sababu mkulima yeyote anajua mundu umepinda vipi. Tunachosema ni kwamba neno lililobuniwa mezani halijawa istilahi hadi lisikike kwa sikio la yule litakayemhusu. Kwa kazi hii siku moja ilitosha, na gharama yake ilikuwa nauli ya Barabara ya Kilwa.

VIII. Mapendekezo

Tunawasilisha kwa wasomaji maneno yafuatayo, yakosolewe kabla hayajapelekwa kusanifiwa:

1. Uwekaji wa bega bandia: jina la jumla la upasuaji huu. Upandikizaji ubaki kwa viungo hai.
2. Bega bandia la kichwa cha mfupa tu. Bega bandia la kichwa na kisahani. Nusu bega liachwe.
3. Bega bandia la mpango wa asili. Bega bandia lililogeuzwa (kwa ufupi, bega geuzi). Bega la kinyume liachwe.
4. Misuli zungushi ya bega: misuli minne inayokaza kichwa cha mfupa mahali pake.
5. Kuteguka, si kuhama. Arudishaye bega kwa mikono kwa ujuzi wa jadi ni mhazigi, neno ambalo mswada ulilisahau ukaandika daktari wa kienyeji.
6. Kulegea: kifaa kuacha kushika mfupa, kama mpini katika jembe.
7. Upasuaji wa marudio: kuondoa kifaa kilicholegea au kulika na kuweka kingine. Neno marekebisho liachwe, kwa kuwa linadokeza kwamba daktari wa kwanza alikosea.
8. Kudumu kwa kifaa, si kusalimika kwa mgonjwa.
9. Idadi, sehemu, uwiano: kila moja mahali pake. Kiwango kiwe cha ubora.
10. Mwenendo: mabadiliko ya jambo kwa kadiri miaka inavyopita.

Mswada tumeurudisha kwa mwenyewe pamoja na orodha hii. Kwa yule mzee mkwezi hatukuwa na la kumpa, kwa kuwa sisi si waganga. Tulimwelekeza tu kwamba aende akapimwe, na kwamba akiambiwa neno asilolielewa aulize mpaka alielewe. Akatujibu: "Nitauliza, wanangu. Lakini nanyi andikeni niwe na machache ya kuuliza."